Bwana Simu na Nguzo Zilizochipua

Desderius alipewa simu ya kijiji kwa sababu moja tu: kati yetu sote ndiye pekee aliyewahi kusema "alo". Ujanani alikaa miezi saba Mwanza akimenya viazi jikoni kwa mfanyabiashara mmoja, na siku mbili tajiri alipokuwa bafuni simu ililia, Desderius akainua. Habari za siku hizo mbili tulizisikia miaka kumi na miwili mfululizo, na kila mwaka tajiri alikaa bafuni muda mrefu zaidi.

Alizaliwa Bukiriro. Alisoma mpaka darasa la tano, kisha akataka ukatekista, lakini padri akamrudisha nyumbani kwa kosa ambalo watu wengi hawalihesabu kuwa kosa. Kila mara padri alipomwuliza jambo asilolijua, Desderius alijibu. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake, na hakuwa na mwingine, maana si mlevi, si mwizi, na mke wake Generoza hajawahi kuonekana na jicho lililovimba. Hakuweza tu kusema sijui. Ukimwuliza njia atakuelekeza. Dereva mmoja wa lori la kahawa alimwuliza njia ya Biharamulo akajikuta ukingoni mwa mto Ruvubu, matairi mawili ya mbele majini.

Mwaka wa sabini na nne tulihamishiwa kijijini, nyumba zikapangwa mstari kama watoto wa shule. Tuliambiwa tunasogezewa huduma. Bomba likaja bila maji, duka likaja bila chumvi, na mwaka wa sabini na sita ikaja simu. Bwana mmoja kutoka mkoani alikuja kutuhutubia, shati lake limepigwa pasi mpaka mikono inasimama. Alisema waya mmoja utaunganisha vijiji vinne na boma la Ngara, nasi tutaishi kama watu wa mji mkubwa. Mjini, alisema, mtu hamwendei mwenzake. Anazungusha mkono wa simu, basi.

Rozalia, mke wa mwenyekiti wetu Audax, aliuliza: "Sasa asipomwendea, atajuaje mwenzake kapika nini?"

Bwana yule alisema maswali yataandikwa.

Waya ulitoka serikalini, na vile vikombe vyeupe vya kushikia waya pia. Nguzo, kwa moyo wa kujitegemea, tulipaswa kuzitoa sisi, kila nyumba moja. Mikaratusi ilikuwa misheni tu, na mapadri waliipenda kuliko waumini. Tukafanya kama baba zetu walivyofanya walipotaka kusimamisha kitu kidumu. Sisi hatuweki nguzo kavu ardhini, mchwa wataila kabla hujamaliza kuisifu. Mwenye akili hukata mvumu, ule mti ambao wazee walipiga magome yake wakapata nguo. Mvumu ukiuchomeka hauozi, kwa sababu haukubali kwamba umekatwa. Unaota mizizi na kuendelea na maisha yake.

Nyumba arobaini na moja zikaleta mivumu arobaini na moja. Fundi aliyekuja kufunga waya aliitwa Mayunga, Msukuma mpole, akatusifu sana: mti wenyewe laini, misumari inaingia kama kwenye ndizi. Alitupa onyo moja tu. "Waya huu usiguse kitu. Ukigusa tawi, hasa wakati wa mvua, maneno yanateremka ardhini." Kisha akapanda gari akaenda zake. Hakuuliza tawi litatoka wapi kwenye nguzo, nasi hatukumwambia. Hatukuulizwa.

Mvua za kwanza zilipokolea, simu ya kijiji ikachipua.

Audax hakuwa mjinga. Akatangaza kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kuwa siku ya kunyoa nguzo. Tulinyoa, mbuzi wakala majani, simu ikasema. Haikusema mengi. Boma liliuliza mahindi ya shamba la kijiji yamefika magunia mangapi, Desderius akajibu, maana hata hilo hakulijua. Alikaa kwenye kibanda cha ofisi amevaa shati lenye mfuko, ndani ya mfuko kalamu isiyo na wino, na watoto wakamwita Bwana Simu. Milio miwili mirefu na mmoja mfupi ilikuwa yetu. Mingine ilikuwa ya vijiji vingine, lakini Desderius aliiinukia yote.

Kisha vikaja vita vya Kagera. Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa sabini na nane, vijana wetu watano waliokuwa wamepitia mgambo walipandishwa lori. Mmoja wao ni Theonest, mwanangu wa pekee wa kiume. Baba yake alikwisha kufa, na mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa. Hata kuku akichelewa kurudi bandani, kwangu keshaliwa.

Siku waliyoondoka, nguzo zilikuwa zimetoka kunyolewa, zimesimama uchi. Wiki mbili baadaye nguzo ya jirani yangu Restituta, mama wa kijana Niragira, ikatoa jani. Restituta akapita nyumba kwa nyumba akishangilia.

"Mwanangu amefika salama! Njooni muone, amechipua!"

Nilimcheka. Nikamwambia, "Mwenzangu, hiyo ni nguzo ya serikali, si Niragira."

"Nguzo ya serikali ililetwa na nani? Si yeye aliyeibeba begani? Si yeye aliyechimba shimo?" Akanitazama miguuni mpaka kichwani. "Ya Theonest ikoje?"

Niliacha kucheka. Nilikwenda kuitazama nguzo yetu, ile iliyo pembeni mwa shamba langu la maharage, nayo ilikuwa kavu kama mwiko. Sikulala. Asubuhi nikaimwagia maji ya vyombo. Kesho yake majivu. Wiki iliyofuata nikaomba samadi. Ilipochipua nilipiga vigelegele kuliko Restituta, na Jumamosi ya kunyoa ilipofika, akina mama watano tulisimama kila mmoja mbele ya nguzo yake na jembe mkononi. Audax alikuja na panga, akatuangalia, akakumbuka kwamba ana kikao.

Thelathini na sita zikanyolewa kila mwezi. Tano zikaachwa, nazo zilijua kuota. Kufikia mwezi wa tatu yangu ilikuwa na kivuli cha kukalia watu wanne, na waya ulipita katikati ya majani usionekane. Wote tulikumbuka onyo la Mayunga. Lakini tulikwenda kibandani kwa Desderius, tukamwuliza kama simu ingali inasema, naye akajibu kama kawaida yake.

"Inasema vizuri kuliko mwanzo. Majani yanaipoza."

Tufanyeje? Mtu wa simu amesema.

Na kweli, habari za vijana zilikuja. Kila Ijumaa tulikwenda kibandani tukiwa tumebeba chochote, mkungu wa ndizi, kibuyu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, kuku kama roho ilikuwa nzito. Desderius alizungusha mkono wa simu, akapiga kelele hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Tulikuwa tukisema Ngara wanamsikia hata bila waya. Kisha alinyamaza, akasikiliza macho yamefumbwa, akitikisa kichwa polepole. "Eee. Eee. Sawa kabisa." Akaweka simu chini, akaifuta kwa kiganja.

"Theonest anasalimia wote. Anakula vizuri. Anasema msiwe na wasiwasi."

"Na Niragira wangu?"

"Niragira anasalimia wote. Anakula vizuri sana."

Restituta alifurahia lile neno "sana" wiki nzima, akanionyesha kwa kila njia kwamba wangu hana "sana".

Ijumaa moja niliomba kusikia kwa sikio langu. Desderius hakutaka. "Shemeji, hii si kazi ya sikio jipya." Ananiita shemeji kwa sababu yeye na marehemu mume wangu walikuwa marafiki. Nikaishika kwa nguvu. Niliyoyasikia mle ndani ni maharage yakikaangwa. Chwaaa. Maharage na mafuta, hakuna mtu.

"Sisikii kitu, shemeji."

"Sikio lako halijazoea. Nami Mwanza siku ya kwanza nilisikia hivyo hivyo."

Nikarudi nyumbani, lakini moyo ulikuwa umeanza kuhesabu. Miezi mitatu na nusu, vijana watano, Ijumaa zote, na hakuna hata mmoja aliyeumwa jino? Theonest tangu utoto hali maharage mekundu, yanamvimbisha tumbo. Huko jeshini anakula vizuri nini? Ijumaa iliyofuata nikaenda na mtego.

"Shemeji, leo mwambie Theonest hivi: Bihogo amezaa ndama jike."

Bihogo ni jina tunalompa ng'ombe mwekundu. Mimi nina mbuzi watatu. Ng'ombe sijamfuga tangu nizaliwe, na Desderius alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Alinitazama kidogo. Pengine alidhani nimepewa na ndugu ng'ombe wa kutunza. Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba hajui. Akazungusha, akapiga kelele: "Mama Theonest anasema Bihogo amezaa! Bi-ho-go! Ndama jike!" Akasikiliza yale maharage yakikaangwa. Akatabasamu.

"Amecheka sana. Anasema maziwa ya kwanza umpelekee bibi yake."

Bibi yake Theonest alikufa kabla Theonest hajazaliwa, wa kwa baba na wa kwa mama.

Sikupiga kelele. Nilitoka kibandani. Miezi yote hii sikuwa na habari ya mwanangu hata moja. Pengine yu hai, pengine alikufa siku ya Krismasi, na mimi nikala Pasaka nikicheka. Niliufuata waya kwa macho, nguzo kwa nguzo, kutoka ofisini kuteremka. Ulipita safi, ukapita safi, ukaingia kwenye majani ya Restituta ukatoka, ukafika kwenye mvumu wangu ukazama kabisa. Ile mingine minne ilikuwa miti. Wangu ulikuwa msitu. Maji ya vyombo, majivu na samadi. Kama sauti ya Theonest ilikuwa ikija, ilifika pale kwenye upendo wangu ikateremka ardhini.

Siku tano niliuzunguka, nikiogopa kuukata. Ya sita, saa sita mchana, watu wametoka mashambani, nikakata shauri. Nilichukua panga na ngazi ya kuvunia parachichi. Pigo la kwanza utomvu mweupe ukanirukia mkononi kama maziwa. Restituta alifika akikimbia, kitenge kimemwanguka begani.

"Mama Theo! Unamuua mtoto!"

"Namwita."

"Shuka! Restituta nakusihi shuka!" Kwa hofu alijitaja mwenyewe.

"Sikiliza, mwenzangu. Ijumaa iliyopita nilimtumia salamu za ng'ombe nisiyekuwa naye, nikaletewa salamu za bibi aliyekufa. Desderius hasikii kitu. Hajasikia kitu tangu Januari."

Nilimwona Restituta akizirudia Ijumaa zake zote moja moja.

"Hata lile 'sana'?"

"Hata lile."

Alikwenda akaleta panga lake. Alikata macho yamefumbwa, karibu ajikate mwenyewe, na akakataa katakata kumaliza. "Hili moja liachwe, halifiki kwenye waya. La kupumulia." Wale wengine watatu walipokuja, kwanza kwa matusi kisha kwa mapanga, nao waliacha kila mmoja tawi moja la kupumulia. Hata mimi. Tukaenda ofisini tumepakaa utomvu kama watu waliochinja mti.

Desderius alituona akasimama. Kabla hajapata la kusema, simu ililia. Miwili mirefu na mmoja mfupi. Akainua kwa mazoea, akavuta pumzi apige kelele, na uso wake ukabadilika. Akaiondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Kuna mtu humu," alisema kwa sauti ndogo.

Nilimnyang'anya. Ndani kulikuwa na msichana amekasirika, anasikika kama amekaa mapajani mwangu.

"Hicho kijiji mna nini masikioni? Mimi Jovina wa bomani, mara ya nne hii! Yuko wapi mama wa Theonest?"

"Ni mimi, mwanangu."

Hasira ikamkatika. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema."

"Mama, kijana wako yuko hospitali ya misheni wiki ya nne sasa. Aliumia mguu. Yu hai. Mara tatu tumewaambia mje, na huyo mtu wenu anajibu: asante, nasi tunakula vizuri."

Sikumbuki kama niliaga. Restituta alichukua simu akauliza ya Niragira, Jovina akasema jina hilo halimo kwenye karatasi ya majeruhi wala ile nyingine, na Restituta akaanguka chini akicheka na kulia, akisema amechipua, nilisema amechipua.

Nilipogeuka, Desderius alikuwa ameketi sakafuni, kalamu imetoka mfukoni.

"Shemeji, ningefanyaje? Ningesema sisikii, wangeondoa simu."

"Na mimi je? Wiki nne mwanangu analala peke yake!"

"Wewe ulikuwa unakuja umekunja uso, unaondoka unacheka." Aliinamisha kichwa. "Nilidhani hiyo ndiyo kazi."

Nilimtukana mpaka Generoza mke wake akaja kuniombea radhi. Nilitukana zaidi kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nikiondoka nacheka.

Nilitembea siku nzima, rozari mkono mmoja, kikapu mkono mwingine. Theonest nilimkuta amekaa kitandani, amekonda, blanketi limelala tambarare pale ambapo goti la kushoto lingekuwa. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yeye aliniwahi, uso wote meno.

"Mama! Bihogo hajambo?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Kumbe wote wanamjua Bihogo. Mzee mmoja mwenye bandeji kichwani akauliza kama nimekuja na maziwa.

"Daktari alisema mguu umeoza, ukatwe," Theonest alinieleza. "Nikakataa siku tatu. Mkulima wa mguu mmoja, wa nini? Bora nife mzima. Ndipo gari la wagonjwa likaleta karatasi kutoka bomani: mama anasema Bihogo amezaa ndama jike. Nikawaza, kumbe nyumbani tumepata ng'ombe! Kukamua mtu anakaa. Basi nikamwambia daktari, kata."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Desderius, basi, alikuwa amefikisha. Kelele zake zilifika Ngara. Alichokuwa hapati ni majibu. Na kati ya maneno yote yaliyopita katika waya ule miezi ile mitatu na nusu, lililofika likamfanyia mwanangu kitu ni lile nililolitunga mimi ili kumnasa mwongo.

"Hajambo?" aliuliza tena.

"Hajambo," nikasema. "Ana pembe hivi."

Wiki tatu tu zilibaki kabla ya kuruhusiwa kwake. Nilirudi kijijini nikaenda moja kwa moja kibandani. Safari hii sikumtukana.

"Ng'ombe uliyemtangaza, umlete."

"Shemeji, ni wewe uliyenituma—"

"Mimi nilisema. Wewe ndiye uliyefikisha. Theonest anafika Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na amekwisha kumwahidi mzee mmoja maziwa."

Desderius aliitoa ile kalamu mfukoni akaiacha mezani. Akaenda kwa wakwe zake, wenye ng'ombe, akapiga magoti kwa siku mbili kuomba ng'ombe mmoja wa kutunza, kwa ile desturi yetu kwamba ng'ombe ni wa mwenyewe lakini maziwa ni ya mtunzaji. Baba mkwe alimwuliza maswali mengi. Nasikia mengine hakuyajibu, na mzee akashangaa mpaka akakubali.

Jumamosi ile Theonest alishuka kwenye lori na magongo mawili. Kijiji kizima kilikuwa barabarani. Aliishika nguzo yake kwanza, akalitazama lile tawi moja la kupumulia, akacheka. Kisha akamwona Desderius amesimama nyuma ya nyumba yangu, ameshika kamba. Mwisho wa kamba alikuwako ng'ombe. Alikuwa mweusi kama chungu.

"Huyu ndiye Bihogo?" Theonest aliuliza. "Mbona mweusi?"

Watu wote tulimgeukia Desderius.

"Ni mwekundu wa Bukiriro," alisema. "Kwa mbali anaonekana hivyo."

Theonest alimzunguka yule ng'ombe polepole kwa magongo yake, akampapasa ubavu. Tumbo lilikuwa kubwa, chuchu bado kavu. Mtoto wa mkulima haambiwi hilo lina maana gani. Akainua macho kwa Desderius.

"Na ndama, baba? Ndama jike aliyezaliwa, yuko wapi?"

Nilimwona Bwana Simu akivuta pumzi. Nilimwona akifungua mdomo, jibu limekwisha fika kwenye meno. Nilingoja asikie maharage yake. Alinitazama mimi, akautazama ule mguu uliokosekana, akaufunga mdomo. Akaufungua tena.

"Sijui," alisema Desderius.

Generoza mke wake alidondosha kibuyu.